Samaki wa Jumatano

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Kama watu wa posta wamefanya kazi yao, barua hii imekukuta kwenye kiti chako cha dirishani, juu ya duka la madaftari, ukishona sare za watoto wa watu. Sisi huku hatujambo. Binti yako, huyu niliyemzaa mimi, ameng'oka jino la mbele na sasa akisema "sitaki" anapiga mluzi, na neno hilo ndilo analolitumia kuliko yote. Shule ya udereva imepata gari jipya, yaani lile la zamani limepakwa rangi. Mimi bado nakaa kiti cha abiria kutwa nzima, mguu juu ya breki yangu ya pili, nikiwafundisha watu wazima kushoto ni wapi. Juzi meneja mmoja wa benki aliingia na gari kwenye bustani ya manispaa, akaniambia bustani imekaa vibaya. Wifi yako ni mzima.

Ningepiga simu, lakini tangu mashine za kile kiwanda ulichofanyia kazi zilipokula masikio yako, kukupigia ni kuhutubia ukuta. Na ujumbe wa simu umeukataa, eti herufi zake ni za sisimizi. Basi tuandikiane kama watu wenye adabu.

Lililonileta ni hili: nifundishe samaki wa mama. Yule wa oveni, wa Jumatano. Siku hizi napika mimi siku za kazi, nikitoka kumchukua mtoto shule, na nimechoka na mayai. Nakumbuka kila kitu isipokuwa namna ya kumpika. Nakumbuka meza yenye kitambaa cha plastiki kilichochorwa matunda. Nakumbuka mimi nimeshaoga, nywele bado mbichi, jikoni kimya kabisa. Mama amevaa sweta yake ya kijani, na mkono wake unatoa miiba, mmoja mmoja, unaipanga ukingoni mwa sahani kama anayepanga sindano. Nyama ya samaki ilikuwa laini, inateleza, na kitunguu kimekuwa kama kioo. Wewe sikuoni vizuri kwenye picha hiyo. Nadhani ulikuwa chumbani ukifanya hesabu.

Mwanamke aliyetoka kutia nguo rangi kiwandani, baba yuko barabarani na lori lake wiki nzima, na bado Jumatano jioni anakaa mezani na wanawe. Waambie hayo watu wa leo, watakuambia wamebanwa na kazi.

Mdogo wako

19 Februari

Mdogo wangu Bwana Hoja,

Barua imefika, imekunjwa vibaya kama kawaida yako. Mimi mzima, magoti ndiyo yanalalamika kwa niaba ya mwili wote. Msimu wa sare umeanza na kila mzazi anataka suruali ya mtoto iwe ndefu ili ivaliwe miaka mitatu, kisha analalamika mtoto anajikwaa. Mbusu binti yangu. Mwambie mluzi huo autunze, utamfaa.

Nashukuru kwa kunikumbuka niko chumbani.

Samaki ni rahisi. Chukua mzima mmoja mnene, mwambie muuzaji amparue magamba na kumtoa matumbo. Mchanje ubavuni mara tatu kila upande. Chumvi, ndimu, kitunguu saumu kilichopondwa, pilipili manga, mafuta kiasi. Tandaza vitunguu maji kwenye trei, mlaze juu yake, vingine mjaze tumboni. Tia oveni yenye moto. Akiiva, mtoe.

Umeandika "wifi yako ni mzima", basi. Hivyo ndivyo watu wanavyoandika kuhusu ng'ombe. Yuko wapi?

Dada yako

8 Machi

Dada,

Tunaendelea vizuri, ukiacha mafua ya mtoto na klachi ya gari jipya, ambayo imezeeka ghafla baada ya rangi kukauka.

Samaki wako nimempika. Nilitoka kwenye somo la mwisho mbio, nikamchukua mtoto, nikapita sokoni na sare yake imejaa wino, nikafuata maneno yako neno kwa neno. Nikaacha moto mpaka ngozi ikakauka. Kilichotoka ni soli ya kiatu. Binti yako ameionja, akaiweka pembeni, akauliza kama hii ndiyo ile bibi alikuwa anapika. Nikasema ndiyo. Akasema pole kwa bibi.

Jumatano iliyofuata nikapunguza muda. Nje mkavu, ndani mbichi. Dada, "akiiva, mtoe" si maelekezo. Hata mimi nikimwambia mwanafunzi "ukifika, simama", nitafukuzwa kazi.

Umeuliza wifi yako yuko wapi. Yuko kwenye nyumba za wauguzi, nyuma ya hospitali. Mwezi wa kumi na mbili walimpandisha, akawa msimamizi wa wodi ya wazazi, zamu ya usiku. Hakuniuliza, aliniarifu. Anatoka jioni wakati mtoto anaingia, anarudi asubuhi wakati mtoto anatoka. Nikamwambia hii ni nyumba au ni kituo cha mabasi? Nikamwambia achague, zamu ya usiku au nyumba hii. Akapanga begi lake taratibu, akanikumbusha dawa ya minyoo ya mtoto iko kabati la juu, akaenda. Anakuja mchana kumwona mtoto nikiwa kazini.

Usianze kumtetea. Najua utamtetea. Dunia imejaa watu wenye sababu nzuri za kutokuwepo. Kila mtu ana cheo, kila mtu ana zamu, na mtoto anakula mkate mbele ya televisheni akisubiri mlango ulie. Mimi simlaumu kwa kufanya kazi. Mama alifanya kazi ngumu kuliko yeye, mikono ikiwa kwenye mapipa ya rangi, na hajawahi kukosa mezani. Hilo ndilo ninalolitaka tu, mtu akae. Kama mama aliweza, maana yake inawezekana, na asiyefanya hajataka.

Niambie ulichoacha kwenye samaki.

Mdogo wako

30 Machi

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya sare. Magoti yale yale.

Labda ni trei. Trei za siku hizi nyepesi. Au samaki wenyewe, wanakaa kwenye barafu mpaka wanasahau maji. Achana naye. Mpikie mtoto mayai, mayai hayana historia.

Kuhusu wifi yangu nitasema moja. Mtu anayeondoka akikuonyesha dawa ya minyoo ilipo, huyo hajaondoka. Mfuate.

Dada yako

17 Aprili

Dada,

Natumai sare zimepungua. Mtoto amepona, jino jipya linachungulia, mluzi umeanza kufifia na anasikitika.

Tangu nikufahamu hujawahi kulaumu trei. Ukishona suruali ikipinda, unasema mkono wangu umepinda, unafumua. Leo samaki ameharibika na wewe unalaumu trei na barafu. Kuna kitu hutaki kusema, na mimi nimefundisha waongo wengi mno kuegesha gari, siwezi kukosa kuujua uso wa mtu anayetazama pembeni, hata kwenye karatasi.

Lakini hilo liweke kando, kuna kubwa. Nimeitisha kikao. Jumapili ya tarehe 24 Mei, hapa kwangu. Upande wetu atakuja baba mdogo na shangazi, upande wake wajomba zake na mama yake. Nitaweka hoja moja: aache zamu ya usiku arudi nyumbani, au tuandikiane talaka na mtoto abaki kwangu. Sitaki nusu. Watu wa nusu ndio wameharibu kila kitu.

Baba mdogo ananiunga mkono. Wajomba zake watasema nyakati zimebadilika, wanawake wana kazi. Hapo ndipo ninapokuhitaji. Niandikie ukurasa mmoja, wewe uliyekuwa mkubwa unakumbuka, kwamba mama yetu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, wa zamu, na hakukosa chakula cha jioni na wanawe. Tia saini. Nitausoma mbele yao. Hakuna mjomba atakayepata la kusema mbele ya mama.

Usichelewe kama mara iliyopita.

Mdogo wako

11 Mei

Mdogo wangu,

Leo salamu ni fupi. Mimi mzima. Mbusu mtoto.

Barua hii nimeianza mara nyingi na kuichana. Uliomba ukurasa wa kusoma kwenye kikao. Siwezi kuuandika, nitakuambia kwa nini, na ukishajua utaamua mwenyewe cha kusoma.

Samaki wa mama alipikwa na oveni iliyozimwa.

Mama alikuwa anaiwasha mapema, akaiacha ipate moto mpaka huwezi kugusa mlango. Anamwingiza samaki. Anafunga mkoba wake, anavaa viatu, anachana nywele, halafu anazima gesi, anachomoa kichwa cha mtungi, kile cha kufungulia gesi, na kukitia mfukoni. Anaondoka nacho. Hakutaka kuacha moto nyumbani na watoto wawili peke yao. Aliniambia: usifungue mlango wa oveni mpaka mdogo wako ameshaoga na kuvaa. Ile oveni ilikuwa ya chuma kizito, joto lilikaa. Samaki aliiva polepole kwa joto lililobaki. Ndiyo maana alikuwa laini. Ndiyo maana unakumbuka jikoni kimya. Gesi ilikuwa haivumi, ilikuwa kwenye mfuko wa mama, njiani kwenda kiwandani.

Sikukuambia uzime moto kwa sababu ungeuliza kwa nini, na jibu ni kwamba mama alikuwa anaondoka.

Tangu ulipokuwa na miaka minne mpaka ukaingia darasa la tatu mama alikuwa zamu ya usiku. Mitambo ya rangi haikuzimwa. Ulikuwa ukiamka unamkuta anachemsha chai, ukamsifu kwa kila mtu kwamba mama yako anaamka kabla ya jogoo. Alikuwa hajalala. Jumatano ndiyo siku lile gari la samaki lilikuwa likipita mtaani, ndiyo maana unaikumbuka. Siku nyingine nilipasha viporo. Baadaye akapata zamu ya mchana, akakaa mezani kweli, na wewe ukachukua jioni hizo ukazirudisha nyuma mpaka zikafunika zote.

Uliniandikia kuhusu mkono unaotoa miiba. Mama alikuwa idara ya rangi. Mikono yake ilikuwa ya bluu mpaka kwenye kiwiko, sabuni haikuitoa, hata kwenye picha za harusi ya baba mdogo inaonekana. Huo mkono wako ni wa bluu?

Sweta alikuwa ananiachia kwa sababu jikoni kulikuwa na baridi na kwa sababu hukutaka kula bila kuiona.

Sikuwahi kukuambia kwa sababu ya mama mwenyewe. Ulipokuwa darasa la tano mwalimu wako alikuja nyumbani, ukamwambia mbele ya wote, mama yangu hajawahi kukosa chakula cha jioni hata siku moja. Mama alikuwa ameshika birika. Akaiweka chini, akatoka nje. Nikamfuata, nikasema nitamrekebisha. Akasema, "Mwachie." Nimekuachia miaka yote hii. Lakini hakuniambia nikuachie mpaka umfukuze mke wako kwa kitu kile kile.

Wifi yangu anazalisha wake za watu usiku. Mama alitia vitambaa rangi usiku. Kama zamu ya usiku ni kukimbia nyumba, andika na jina la mama kwenye hoja yako, ulisome mbele ya wajomba, na mimi nitatia saini.

Dada yako

16 Mei

Dada,

Siamini.

Umechagua wakati mzuri wa kumwondoa mama mezani, wiki moja kabla ya kikao. Mtu wa miaka minne hawezi kuvumbua mama. Na wewe ulikuwa mtoto pia, labda wewe ndiye umechanganya. Oveni iliyozimwa haipiki, kila mtu anajua.

Kikao kipo pale pale.

Mdogo wako

2 Juni

Dada yangu,

Natumai magoti yako yameona aibu na kunyamaza. Mtoto ana jino. Meneja wa benki amepata leseni, nakuomba usije huku kwa miguu.

Sasa nikueleze. Jumatano kabla ya kikao nilimpika samaki kwa njia yako, nikiwa nimepania kukuumbua. Nilikuwa nimeandika kurasa tatu za kukujibu, kila hoja yako na jibu lake, isipokuwa ya rangi ya mkono, ambayo niliiruka nikisema nitairudia. Nilitaka kuongeza mwishoni: na nimejaribu, samaki ni mbichi.

Siku yenyewe ilikuwa mbaya. Masomo yalipitiliza, mtoto alikuwa wa mwisho getini, amekaa na mlinzi wanacheza bao la vizibo. Nyumbani nikawasha oveni kabla sijavua viatu, nikaiacha iwake mpaka ikaanza kunuka vumbi. Nikamchanja samaki, chumvi, ndimu, vitunguu. Nikamwingiza. Oveni yangu ina kuta za bati, nikampa dakika kumi za moto. Nikazima.

Hapo nikasimama, Dada. Nilikuwa sijui la kufanya na mikono. Nikamwogesha mtoto, hataki, anasema wakubwa hawaogeshwi. Nikamvalisha. Kwa mara ya kwanza jioni ile nikakaa kitako nikamsikiliza akisoma, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuungua.

Nikafungua mlango. Kitunguu kilikuwa kioo. Nikachukua kipande kimoja nimesimama, kisha nikavuta kiti.

Hoja zako nilikuwa nimezijibu. Samaki sikupata cha kumjibu.

Binti yako akasema, "Leo si soli." Nikamtolea miiba. Ni kazi, kumbe. Unamchambua samaki kwa ajili ya mdomo wa mtu mwingine, chakula chako kinapoa. Nikamaliza sahani yake nikaangalia mkono wangu, kisha nikajaribu tena ile picha ya zamani, polepole, kama ninavyomfundisha mtu kurudi nyuma. Mikono ya sweta imekunjwa mara nyingi, ni kubwa kwa aliyeivaa. Mkono ni mdogo. Una wino kidoleni. Hauna bluu.

Nikafunika kilichobaki kwenye bakuli, tukaenda hospitali na mtoto kabla zamu haijaanza. Wifi yako akatoka mpaka getini, barakoa iko kidevuni.

"Nini hiki?"

"Samaki."

"Kapika nani?"

"Mimi."

"Usinitanie, nina kazi."

"Kweli, mama," binti yako akasema. "Alizima jiko halafu akaniogesha kwa nguvu."

Akala amesimama kando ya ubao wa matangazo, kwa vidole, haraka, kama watu wa zamu wanavyokula. Sikuwahi kumwona akila hivyo. Nikamwambia kikao nimekifuta. Akatafuna kwanza.

"Na zamu?"

"Zamu ni yako."

"Sikuulizi ni ya nani. Nakuuliza utaiweza?"

"Jumatano naiweza," nikasema. "Hizo nyingine najifunza."

Akanirudishia bakuli, tupu. Jumamosi akaja na begi lake. Nikaanza kushukuru kwa kunisamehe, akanikatiza. Kurudi ni jambo moja, kusamehe ni jingine, amesema, na nisiyaweke kwenye sahani moja. Anaondoka jioni, anarudi asubuhi. Akiingia, nampokea mlangoni na chai, naenda kufundisha. Baba mdogo amekasirika sana, alikuwa ameshapiga koti pasi.

Mama sijui nimweke wapi sasa. Nilikuwa nimemjenga kwenye kile kiti miaka arobaini, nikimtumia kumpiga kila mtu. Sasa namwona njiani, gesi mfukoni, anatembea kuelekea kazini huku samaki anaiva nyuma yake. Nampenda zaidi huko, lakini hata mimi naona uchungu kukuandikia.

Kuna swali moja linaninyima usingizi. Jioni zile nikishamaliza, umenitolea miiba, umenilaza, wewe ulikuwa unakula na nani?

Mdogo wako

20 Juni

Mdogo wangu,

Sisi huku, yaani mimi na magoti, tunawasalimu. Nimefurahi kwa wifi yangu. Mwambie achelewe kukusamehe kidogo, akikupa msamaha mapema utaandika makala.

Swali lako nimelisoma, nikashona sare mbili, nikalisoma tena. Nilikuwa nakula peke yangu, baada ya vyombo, samaki amepoa. Sikuwa na huzuni, usianze kunijengea sanamu na mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na nyumba nzima yangu. Ila nilikuwa natamani, nakuambia wewe tu, mtu aniambie kaa, mimi nitafungua oveni.

Nimefunika mashine yangu ya kushonea, sare zilizobaki nimempa jirani. Basi linaondoka Jumatatu. Jumatano nitakuwa kwenu, nitakaa mezani mikono mapajani kama mgeni, na sitanyanyua hata kijiko. Miiba nitoleeni, sina aibu.

Usiijibu barua hii, jibu halitanikuta.

Dada yako